Mada Yako Iko Lwakhakha: Mwongozo wa Tasnifu ya Uzamili katika Biashara ya Kimataifa

Wanafunzi wa uzamili kutoka Naitiri, Tongaren, Kamukuywa na Kiminini hukwama mahali pamoja. Masomo ya darasani wanayamaliza, mitihani wanapita, kisha inafika tasnifu na miaka inaanza kuhesabika. Ada ya kuongeza muda inalipwa, msimamizi anahamia chuo kingine, kichwa cha kazi kinabadilishwa mara ya tatu. Watu husema mwanafunzi amezembea. Ninavyoona mimi, shida ilianza siku ya kwanza: alichagua kichwa kikubwa chenye sauti ya kimataifa, halafu ndipo akaanza kutafuta data, na data yenyewe iko mahali asipoweza kufika.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Tafuta kwanza data iliko, uliza swali ambalo data hiyo inaweza kulijibu, na kichwa kije mwisho. Nimemwandikia hasa mtu aliyeajiriwa, mwalimu, karani wa chama cha ushirika au mfanyakazi wa benki, anayesoma wikendi na likizo huku msimamizi wake akiwa Kakamega, Eldoret au Nairobi. Kuna sehemu ya msimamizi pia. Isome hata kama wewe ni mwanafunzi, ujue una haki ya kutarajia nini.

Kwa nini ubaki karibu na nyumbani

Wengi wakisikia biashara ya kimataifa huwaza makontena ya Mombasa na kampuni kubwa za Nairobi. Hebu tazama ramani. Ukitoka Naitiri kupitia Kitale na Endebess unafika mpaka wa Suam. Lwakhakha, kituo kingine cha mpaka wa Uganda, iko ndani ya Kaunti ya Bungoma. Malaba, mpaka wenye malori mengi, haiko mbali na mji wa Bungoma. Kitale ni makao ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo mbegu zake huuzwa hadi Uganda na Tanzania. Kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon hunywewa na watu wasioijua Chwele wala Kaptama. Na mahindi ya Uganda huingia sokoni kwetu hasa katikati ya mwaka, wakati maghala yetu yameanza kuwa matupu, kwa sababu wenzetu huvuna mara mbili na sisi mara moja.

Sababu nyingine ni lugha. Kibukusu cha Naitiri na Kimasaaba cha upande wa Mbale vinasikilizana. Mtafiti kutoka mbali atahitaji mkalimani pale Lwakhakha, na mambo nyeti hayasemwi mbele ya mkalimani. Wewe utaambiwa.

Hatua ya 1: Andika data iko wapi kabla ya kuandika kichwa

Chukua karatasi, ipige mistari upate safu nne:

1. Data gani ninahitaji?
2. Nani anayo?
3. Nitaipata kwa njia gani, na kwa gharama gani?
4. Nikinyimwa, nitatumia nini badala yake?

Safu ya nne ndiyo inayookoa watu. Mwanafunzi anayetaka takwimu za mauzo ya kampuni moja binafsi, bila barua ya idhini mkononi, hana mada bado. Ana matumaini tu.

Data zilizokwisha kukusanywa ni nyingi kuliko unavyofikiri. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutoa ripoti ya uchumi kila mwaka. Benki Kuu ya Kenya huchapisha viwango vya kubadilisha fedha. Uganda, kupitia shirika lake la takwimu (UBOS), imekuwa ikipima hata biashara ya mpakani isiyopita kwenye karatasi za forodha. Hazina ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa, Comtrade, hupanga bidhaa kwa namba: mahindi ni 1005, kahawa ni 0901. Jifunze namba ya bidhaa yako mapema. Kisha fanya jambo ambalo wachache hufanya: linganisha kile Uganda inachosema imeiuzia Kenya na kile Kenya inachosema imenunua Uganda. Mara nyingi hesabu hizo hazikutani. Pengo hilo peke yake linaweza kuwa tasnifu.

Data ya pili iko kwa watu, na hapa nataka ukae kidogo. Mfanyabiashara wa mahindi huwa na daftari la mistari, kona zimekunjika, wakati mwingine lina alama ya unga. Ndani yake kuna tarehe, idadi ya magunia, bei kwa shilingi ya Uganda, kiasi kilichotolewa kwa kubadilisha pesa, nauli ya lori, na majina ya waliokopeshwa. Ukimuuliza mwenye daftari, "Gharama zako za kuvusha mzigo zimepanda kwa kiasi gani?" atakuambia zimepanda sana. Ukimwomba mfungue pamoja kurasa za Juni na Julai, utaona nauli ilikaa palepale, ila kulikuwa na siku nne ambazo lori halikusonga. Jibu la kwanza ni maoni. La pili ni data. Ukipata daftari 15 za namna hiyo, kwa idhini ya wenyewe na bila majina ya wadeni, una kitu ambacho hakipo kwenye maktaba yoyote.

Hatua ya 2: Punguza swali mpaka liweze kujibika

Tumia tukio halisi. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliagiza mahindi ya Uganda na Tanzania yazuiwe mpakani kwa sababu ya sumukuvu ya aflatoksini. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wajisajili, shehena iwe na cheti cha kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni, na cheti cha asili kioneshe mahindi yametoka wapi. Yote hayo yalitokea ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010.

Hapo pana maswali mazuri na mabaya.

*Pana mno:* Athari za vikwazo visivyo vya ushuru kwa biashara ya Afrika Mashariki.

*Bado pana:* Athari za masharti ya aflatoksini kwa wafanyabiashara wa mahindi wa Kenya.

*Linajibika:* Wafanyabiashara wadogo wanaonunua mahindi Uganda kupitia Lwakhakha na kuyauza Kaunti ya Bungoma wanatimizaje masharti ya vyeti, na wasioyatimiza hufuata njia gani?

Swali la tatu lina watu, mahali, bidhaa na kitendo. Tena linahusu leo. Ukiuliza watu walifanya nini Machi 2021, unawapima kumbukumbu. Ukitaka lazima kurudi nyuma, shika daftari na risiti za mwaka huo.

Nadharia isikutishe. Chagua moja, mbili zikizidi, na uitumie kweli. Kielelezo cha Uppsala cha Johanson na Vahlne (1977) kinasema kampuni huingia masoko ya nje hatua kwa hatua, ikianza na soko lililo karibu nayo kwa lugha na desturi. Hiyo ni karibu sana na habari ya Mbukusu anayenunua kwa Mmasaaba kabla ya kufika Mbale mjini. Kielelezo cha Dunning kinafaa zaidi ukichunguza kampuni inayowekeza nje. Ukibandika nadharia tano kwenye Sura ya 2 na kutozigusa tena kwenye Sura ya 4, jopo litaliona hilo kabla ya chai.

Hatua ya 3: Sampuli, na ile namba 384

Fungua tasnifu kumi kwenye rafu yoyote ya chuo na utaikuta: sampuli ya watu 384. Namba hiyo hutoka kwenye fomula ya kundi kubwa lisilojulikana idadi yake, na inadai uchague watu kwa bahati nasibu. Ili uchague hivyo unahitaji orodha yao. Lwakhakha hakuna orodha ya wanaovusha mahindi kwa bodaboda. Kuandika 384 halafu ukahoji yeyote aliyepita mbele yako ni kudai hesabu usiyoifanya.

Fanya hivi:

1. Kama kuna orodha, kwa mfano wanachama 300 wa chama cha ushirika, tumia fomula ya Yamane: 300 gawanya kwa (1 + 300 × 0.05 × 0.05). Inakupa 171.4, yaani watu 172. Kisha piga kura ya kuwachagua kutoka kwenye orodha hiyo.
2. Kama hakuna orodha, chagua mbinu ya mahojiano ya kina. Anza na watu wachache wanaojulikana, wakuelekeze kwa wengine, na uendelee mpaka mahojiano mapya yasilete jambo jipya. Andika wazi kwamba ndivyo ulivyofanya.
3. Usichanganye mbinu zote mbili ili tu kazi ionekane nzito. Kila mbinu ina uchambuzi wake, na wewe una wikendi tu.

Hatua ya 4: Vibali, kwa mpangilio huu

1. Pendekezo lipite kwenye jopo la idara, nawe upate barua ya chuo.
2. Kamati ya maadili ya utafiti iidhinishe hojaji na fomu ya ridhaa.
3. Omba mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, hairuhusiwi kuanza bila hiyo.
4. Peleka nakala kwa ofisi ya kamishna wa kaunti na ya elimu, kisha kwa chifu wa eneo. Chifu asiyejua habari zako atakusimamisha saa nne asubuhi sokoni, na kuanzia hapo hakuna mfanyabiashara atakayekuamini.

Kuvuka kwenda kuhoji watu upande wa Uganda kunahitaji idhini ya Uganda pia, kupitia baraza lao la sayansi na teknolojia. Kwa kazi ya uzamili, ushauri wangu ni ubaki upande wa Kenya na uzungumze na Waganda wanaokuja kuuza kwetu. Liseme hilo kwenye ombi lako la maadili.

> KISANDUKU: Njia za panya
>
> Utakutana na watu wanaovusha mizigo bila karatasi. Wengine hawajui kwamba mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa umetoka ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupata cheti rahisi cha asili palepale mpakani. Wengine wanajua na bado wanaogopa ofisi.
>
> - Usiandike majina, namba za simu, namba za magari wala mahali hasa njia inapopita.
> - Usimpige mtu picha akiwa na mzigo.
> - Mpe kila mhojiwa namba, na orodha ya kuunganisha namba na mtu usiwe nayo kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe pia.
> - Usiulize "Je, unakwepa ushuru?" Uliza, "Mzigo wa mwisho uliovusha, ulipita hatua gani tangu kununua hadi kufika sokoni?"
> - Utafiti wako usimwache mtu katika hali mbaya kuliko ulivyomkuta. Hili halina mjadala.

Hatua ya 5: Nyanjani

Tafsiri hojaji kwa Kiswahili, mpe mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza bila kuona ya kwanza, kisha linganisha. Maneno yaliyoteleza yataonekana yenyewe. Ijaribu kwa watu wachache wa soko ambalo hutalitumia kwenye utafiti. Ukipanga kukusanya data Lwakhakha, ijaribu Kamukuywa.

Usiende sokoni asubuhi ya siku ya soko ukiwa na hojaji ya kurasa saba. Mama anayepima mahindi kwa gorogoro huku wateja wamepanga foleni atakujibu chochote uondoke. Nenda alasiri soko linapopoa, au siku inayofuata.

Ukitumia wasaidizi, jua kwamba hojaji zinaweza kujazwa chini ya mti na mtu mmoja. Dalili zake: mwandiko mmoja, majibu yote katikati, hojaji 40 kwa siku moja. Ingiza maswali mawili yanayopimana, mfano idadi ya magunia kwa safari na aina ya gari linalobeba. Anayesema magunia 60 kwa bodaboda hakuhojiwa.

Msimamizi: jinsi ya kufanya kazi naye

Msimamizi wako ana wanafunzi wengine, madarasa na vikao. Kukaa kimya kwake hakumaanishi amekuchukia. Lakini ukimya wa miezi unaua tasnifu, na dawa yake ni maandishi mafupi yenye ombi mahususi. Linganisha jumbe hizi mbili.

*"Daktari, nimekutumia kazi yangu. Naomba uipitie."*

*"Habari za asubuhi, Daktari. Nimeambatisha Sura ya 3, kurasa 14, kama tulivyokubaliana kwenye kikao kilichopita. Naomba mwongozo wako kwa mambo mawili: (a) je, daftari 15 zinatosha kujibu swali la pili? (b) swali la 9 la hojaji lina maana mbili, nilipasue? Jumamosi ijayo nimepanga kujaribu hojaji Kamukuywa. Nitashukuru nikipata neno lako kabla ya Ijumaa."*

Ujumbe wa pili unajibika kwa simu, msimamizi akiwa kwenye matatu. Baada ya kila kikao, mwandikie siku hiyohiyo mistari mitano: tulikubaliana nini, nani atafanya nini, lini. Akihamia chuo kingine, kumbukumbu hizo ndizo zitakazomshawishi msimamizi mpya asikurudishe mwanzo.

Ukiwa na wasimamizi wawili wanaopingana, usimjibu kila mmoja kivyake. Waandikie wote pamoja, eleza kwa heshima hoja za pande mbili, pendekeza njia moja, na uombe waikubali au waikatae.

Na hili nalisema waziwazi. Msimamizi akidai pesa, zawadi au uhusiano wa kimapenzi ili asome kazi yako, hiyo si desturi ya kuvumilia. Hifadhi ujumbe, andika tarehe, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya masomo ya uzamili, na usiende peke yako.

> KISANDUKU: Kwa msimamizi
>
> - Kabla ya kusahihisha sarufi, uliza: data iko wapi? Kama hana jibu, mrudishe kwenye karatasi ya safu nne. Usimwache aandike sura tatu kwanza.
> - Toa maoni matatu makubwa kila awamu. Alama nyekundu mia moja humfanya arekebishe nukta na kuacha hoja.
> - Kubalianeni muda wa kujibu, mfano wiki mbili, na uutimize. Ukishindwa, mwambie.
> - Usibadilishe mada baada ya pendekezo kupita, ila kama data imekosekana kabisa.
> - Mwombe akuoneshe hojaji ghafi na daftari zake za nyanjani, hata chache. Data ya kutunga hugunduliwa mapema kwa njia hii.
> - Anayefanya kazi Naitiri atatumia nauli na siku nzima kukufikia. Kikao cha simu kinatosha kwa mengi.

Kalenda inayoendana na mashamba

Ratiba nyingi hupangwa kana kwamba mtu anaishi maktabani. Kwetu Machi na Aprili ni kupanda, na Oktoba hadi Novemba au zaidi ni kuvuna. Mwalimu ana nafasi zaidi shule zikifungwa.

- Januari hadi Machi: karatasi ya safu nne, swali, mapitio ya maandishi.
- Aprili hadi Mei: pendekezo na utetezi wake mbele ya idara.
- Mei hadi Juni: maadili, leseni, majaribio ya hojaji.
- Juni hadi Agosti: nyanjani. Hapa ndipo mahindi ya Uganda yanapoingia, hivyo utaikuta biashara ikitendeka.
- Septemba hadi Novemba: uchambuzi na Sura ya 4. Andika usiku, maana mchana ni shamba.
- Desemba hadi Februari: sura zilizobaki, kisha kukabidhi.

Ongeza miezi mitatu ya dharura, usimwambie mtu. Na kama mwaka wako wa nyanjani ni 2027, kumbuka uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti. Mgeni mwenye hojaji na maswali ya pesa wakati huo atadhaniwa ni wa chama fulani. Maliza nyanjani kabla ya Julai au usubiri.

Makosa yanayorudi kila mwaka

*Kumlipa mtu akuandikie.* Kenya ina soko kubwa la kazi hiyo, na bei yake inaweza kukuvutia usiku mmoja ukiwa umechoka. Mwandishi huyo hajafika Lwakhakha. Jopo litakuuliza bodaboda hubeba magunia mangapi, na utanyamaza. Programu za akili unde nazo hutunga marejeo yasiyokuwepo, kwa hiyo kila chanzo unachokitaja uwe umekifungua kwa macho yako.

*Kuiba aya.* Programu za kukagua wizi wa maandishi huona hata kilichobadilishwa maneno mawili matatu. Soma, funga ukurasa, andika ulichoelewa.

*Mapendekezo yasiyotokana na matokeo.* Ulichunguza vyeti vya mahindi, usimalizie kwa kuitaka serikali ijenge barabara.

*Nakala moja.* Weka kazi kwenye kompyuta, kwenye barua pepe yako na kwenye kifaa kilicho nyumba nyingine.

Siku ya utetezi na baada yake

Andaa dakika 15: swali, ulikoipata data, ulichokikuta, kinachobadilika. Mswada wote wanao mezani. Ukiulizwa usilolijua, sema hukulichunguza, ueleze kwa nini lilikuwa nje ya mipaka ya kazi. Usibishane na mjumbe. Andika swali lake mbele yake.

Wengi hupita kwa sharti la masahihisho, na hapa ndipo wanapopotea tena kwa mwaka mzima. Jioni hiyohiyo, kabla hujasherehekea, chora jedwali la safu tatu: agizo la jopo, nilichofanya, ukurasa. Kila agizo lipate mstari wake, hata lile usilokubaliana nalo, ukitoa sababu kwa adabu. Mtumie msimamizi jedwali hilo pamoja na kazi iliyosahihishwa, umwombe atie sahihi, kisha uwapelekee wenye daftari muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, unaoeleza cheti rahisi cha asili kinaombwaje pale mpakani.